Kidole Kinapokataa: Kufuli la Simu, Ngozi ya Mkulima na Mgonjwa Asiyeweza Kusema

Shangazi yangu analima mpunga na kakao katika kata ya Ngana, wilayani Kyela, upande wa mto Songwe unaotutenganisha na Malawi. Septemba moja mwanawe anayefanya kazi Mbeya mjini alimnunulia simu janja, akaifunga kwa alama ya dole gumba la mkono wake wa kulia, akamfundisha kuigusa, akarudi kazini. Mashamba yalikuwa yamelala wakati huo na simu ilimtii vizuri. Ilipoleta ukaidi, mjukuu aliyeishi naye aliingiza namba ya siri na mambo yakaendelea. Januari mjukuu alirudi shule ya bweni. Wiki hiyohiyo palizi ilipamba moto, na dole gumba likaanza kukataliwa: mara moja, mara tatu, kisha kabisa. Simu ikadai namba ambayo shangazi hakuwahi kuambiwa.

Ndani ya simu ile kulikuwa na nauli aliyotumiwa ili aende kliniki ya shinikizo la damu Kyela mjini. Namba ya mwanawe ilikuwa humohumo, hakuwa ameikariri. Jirani alikuwa tayari kumwazima simu, lakini ampigie nani? Siku nne zilipita, dawa zikiwa zimekwisha, mpaka mwanawe aliporejea kutoka safarini akapiga yeye mwenyewe. Simu iliyofungwa hupokea bado, na hapo ndipo tarakimu nne zilipotajwa kwa sauti, jikoni, watoto wa jirani wakisikia. Nilipompima shinikizo siku chache baadaye lilikuwa limepanda kiasi cha kunitia hofu. “Mwanangu,” aliniambia, “simu imenisahau.”

Simu haikuwa imemsahau. Ilikuwa imesoma ngozi yake kwa uaminifu, na ngozi ilikuwa imebadilika. Nimeandika makala haya kwa sababu tangu siku ile nimekutana na jambo hilo kwa wagonjwa wengi, na kwa sababu sisi wahudumu wa afya hulichukulia kuwa ni shida ya fundi simu, haituhusu. Inatuhusu.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ncha ya kidole ina matuta membamba na mabonde kati yake, mfano wa shamba lililolimwa kwa matuta likitazamwa kutoka juu ya kilima. Matuta hayo huanza kujengeka mtoto akiwa tumboni, karibu na wiki ya 10 ya ujauzito, na mchoro wake huwa umekamilika kabla ya mwezi wa saba. Mapacha wa yai moja hushiriki urithi uleule lakini alama zao hutofautiana, kwa kuwa mkao wa kila mmoja tumboni na mikandamizo midogo midogo ya vidole vyake huchangia katika mchoro. Juu ya matuta kuna vitundu vya jasho. Tezi za mafuta hazipo kabisa katika viganja. Unyevu wa ncha ya kidole hutoka kwenye jasho, au kwenye mafuta tunayoyagusa usoni na kichwani bila kujijua.

Mchoro haukuchorwa juu ya ngozi tu. Mizizi yake iko chini, pale tabaka la juu linapokutana na tabaka la ndani. Ndiyo maana mkulima aliyechubuka vidole kwa jembe hupata alama zilezile baada ya wiki kadhaa za kupumzika, ilhali kidonda kirefu au moto mkali uliofika tabaka la ndani huacha kovu lisilofutika, na kovu hilo huwa sehemu ya alama mpya.

Visomaji vya alama vilivyomo katika simu ni vya namna tatu. Vile vilivyo mgongoni au ubavuni mwa simu, ambavyo ndivyo vilivyojaa katika simu za bei nafuu madukani kwetu, kwa kawaida hutumia chaji ndogo ya umeme: tuta la ngozi linapogusa kibati chaji hubadilika kwa kiasi kimoja, na bonde lenye hewa hubadilisha kwa kiasi kingine. Tofauti hizo zikipangwa pamoja hutoa taswira ya kidole. Vilivyo chini ya kioo ama humulika kidole na kukipiga picha, ama hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na kupokea mwangwi wake, kama kifanyavyo kipimo cha utrasaundi tunachomwekea mama mjamzito. Teknolojia hii ilienea baada ya kampuni ya Apple kuitia katika iPhone 5s mwaka 2013, ingawa Motorola ilikwisha kuijaribu katika simu yake ya Atrix mwaka 2011.

Kila namna ina udhaifu wake, lakini ile ya chaji, ambayo ndiyo ya wengi, haipendi vitu viwili: kidole kikavu mno na kidole kilicholowa. Sasa fikiria msimu wa palizi Kyela. Mvua ni nyingi, mikono iko kwenye tope tangu alfajiri. Udongo wenye mchanga husugua matuta kama msasa. Jioni mikono huoshwa kwa sabuni ya kufulia, inayoondoa unyevu wote uliosalia. Shangazi aliporudi nyumbani na kugusa simu, kidole chake kilikuwa kimesuguliwa, kimekauka na kimepasuka vijiufa vilivyokatiza matuta. Kisomaji kiliona mistari ambayo Septemba haikuwapo.

Si wakulima wa mpunga peke yao. Anayepasua maganda ya kakao kutwa nzima, mwashi anayeshika saruji mbichi, mwanamke wa Kikisi anayelainisha chungu kwa kiganja kule Ikombe au anayefika na vyungu vyake mnadani Matema, anayetandaza usipa juani ufukweni, wote wanalipa kwa ncha za vidole. Nasi pia. Muuguzi anayenawa na kupaka kitakasa mikono mara hamsini kwa zamu ana vidole ambavyo simu yake mwenyewe huvitilia shaka. Umri nao huchangia: ngozi ya mzee hupungua unyumbufu na jasho, matuta yakalala.

Nieleze kidogo kuhusu kunyauka kwa vidole majini, kwa kuwa wengi hudhani ngozi imefyonza maji tu. Tangu miaka ya 1930 madaktari wamejua kwamba kidole ambacho mishipa yake ya fahamu imekatika hakikunjamani hata kikikaa majini muda mrefu. Ni mishipa ya fahamu inayoamuru mishipa midogo ya damu ijibane, nyama ya kidole ikanywea na ngozi ikajikunja juu yake. Hivyo simu ikikataa kidole kilichonyauka baada ya kufua nguo, mwili uko sawasawa. Lakini mgonjwa akikuambia kwamba kidole kimoja hakinyauki kama vingine, msikilize. Huenda mishipa ya fahamu ya kidole hicho haifanyi kazi.

Na hapa ndipo ningependa mhudumu wa zahanati atulie nami kidogo. Simu ya mtu inapoanza kukataa kidole ilichokizoea, na hakuna palizi wala saruji ya kueleza sababu, kidole hicho kinastahili kutazamwa. Mara nyingi utakuta pumu ya ngozi: vidole vikavu, vinavyowasha, vyenye nyufa, hasa kwa anayeshika sabuni kila siku. Inatibika. Unaweza kukuta soriasisi yenye magamba, au upele uliochunwa hadi ukawa kidonda. Na wakati mwingine, si mara nyingi, utakuta kovu la moto ambalo mwenyewe hana habari nalo. Alishika sufuria au kijinga, akaungua, hakusikia maumivu. Mtu wa namna hiyo asipewe mafuta ya kupaka akaenda zake. Mpime hisia za mikono na miguu, mtazame mwili mzima kwa mabaka yasiyo na hisia, pima sukari. Ukoma haujaisha nchini mwetu. Dawa zake hutolewa bure, na anayezianza mapema huokoa vidole vyake. Kisukari nacho hula mishipa ya fahamu polepole, kwa kawaida kikianzia miguuni.

Dawa pia zinaweza kufuta alama. Desemba 2008 mzee mmoja wa Singapore mwenye umri wa miaka 62 alizuiwa kwa saa kadhaa uwanja wa ndege huko Marekani kwa sababu mashine haikupata alama yoyote katika vidole vyake. Alikuwa akitumia vidonge vya kapesitabini kuzuia kurejea kwa saratani ya sehemu ya nyuma ya pua na koo. Dawa hiyo huweza kuleta wekundu, uvimbe na kubambuka kwa ngozi ya viganja na nyayo, na kwa baadhi ya wagonjwa matuta hupotea kabisa. Daktari wake aliandika kisa hicho mwaka 2009 katika jarida la Annals of Oncology, akashauri wagonjwa wa namna hiyo wasafiri na barua ya daktari. Hapa kwetu kapesitabini hutumika kwa baadhi ya saratani za utumbo mpana na matiti. Tunapompa mgonjwa dawa hii tunamwonya kuhusu kuharisha na vidonda vya mdomoni. Sidhani kama wengi wetu humwambia: kabla ya mzunguko wa kwanza, hakikisha simu yako inafunguka kwa namba unayoikumbuka. Ni sentensi moja. Mgonjwa aliye mbali na hospitali, ambaye anatakiwa kutupigia mara homa inapopanda, anaihitaji sana sentensi hiyo.

Watu wa Ngana waliniuliza swali ambalo nilipaswa kulitarajia: simu ikikikataa kidole changu, je, na serikali imenifuta? Hofu hiyo ina chanzo. Wengi walizoeana na visomaji vya vidole wakati wa uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2015, kisha katika usajili wa laini za simu ulioanza tarehe 1 Mei 2019. Mwisho wa usajili ulipangwa kuwa 31 Desemba mwaka huo, Rais John Magufuli akaongeza siku 20, na baada ya 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wazee waliohangaika na vidole vyao kwenye foleni zile hawajasahau. Lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Katika usajili wa laini, alama yako hupelekwa kulinganishwa na ile iliyohifadhiwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Kufuli la simu halimuulizi mtu mwingine. Alama uliyoisajili hugeuzwa kuwa mpangilio wa tarakimu, ikafungiwa sehemu maalumu ndani ya simu hiyohiyo, na haitoki humo. Kidole kikikataliwa na simu, kitambulisho chako cha Taifa hakijaguswa.

Kufungua simu kwa uso sitakusemea mengi. Simu za iPhone kuanzia ile ya X ya mwaka 2017 hutandaza usoni nukta zaidi ya 30,000 za mwanga usioonekana kwa macho na kupima kina cha uso. Simu nyingi za bei nafuu hutumia kamera ya mbele tu, na baadhi yake hudanganyika kwa picha. Gizani, au taa ya chumba ikiwa hafifu, kamera ya kawaida huhangaika, na uso mweusi huhangaika nayo zaidi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba programu za kampuni kubwa zilizokisia jinsia ya mtu kutokana na picha zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, ilhali kwa wanaume weupe kosa halikufika asilimia 1. Hizo hazikuwa programu za kufungua simu, lakini zinatufundisha kuuliza mashine ilijifunza kwa nyuso za nani. Kwa mgonjwa, la kukumbuka ni kwamba uso uliopooza upande mmoja, uliovimba au uliofungwa bandeji unaweza kukataliwa.

Kiharusi ndicho kinachonisumbua zaidi. Mtu aliyesajili dole gumba la kulia pekee, akapooza upande wa kulia akiwa peke yake nyumbani, ana simu mkononi na hawezi kuifungua. Kama una shinikizo la damu, sajili vidole vya mikono yote miwili. Fanya leo.

Mpaka hapa nimesema juu ya kidole kinachokataa. Kuna jambo jingine, kinyume chake, nalo ni zito kuliko hilo: kidole kinachokubali bila mwenyewe kukubali. Barabara kuu itokayo Mbeya kupitia Tukuyu huishia Kasumulu, mpakani, na malori hupita mchana na usiku. Ajali zikitokea, majeruhi huletwa hospitalini bila fahamu, simu mfukoni, hakuna anayemjua. Muuguzi wa zamu anataka kuwapata ndugu. Dole gumba la mgonjwa liko pale kitandani, lina joto, simu iko pale. Ni nani asiyeshawishika?

Namba ya siri iko akilini mwa mtu, na hakuna awezaye kuichota akiwa amezimia. Kidole hakiulizi nia. Ndani ya simu hiyo zimo pesa zake, barua zake za mapenzi, na huenda ujumbe wa kliniki ya CTC unaomkumbusha tarehe ya dawa, ambao mkewe au bosi wake hajui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za afya na za alama za mwili katika kundi la taarifa nyeti. Lakini hata bila sheria, sisi tuliofundishwa kuomba ridhaa kabla ya kumchoma mtu sindano tunajua kwamba kukibonyeza kidole chake kwenye simu ni kuutumia mwili wake.

Kwa hiyo anza na yale yasiyohitaji kufungua. Simu nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura inayofikiwa kwa kubonyeza neno “Dharura” kwenye kioo kilichofungwa. Humo mwenyewe huweza kuwa ameandika jina la ndugu, kundi la damu na dawa zinazomdhuru. Iache simu ikiwa imewashwa na yenye chaji, uipokee ikiita, maana mtu anayetafutwa hupigiwa. Muulize dereva wa bodaboda aliyemleta, na polisi aliyejaza PF3. Yote yakishindwa na uhai wake ukitegemea kumpata ndugu, kwa mfano kujua alikunywa nini, mimi naona inaruhusika, kwa masharti: wawepo watu wawili, mmoja wao mkuu wa zamu, itafutwe namba ya ndugu tu na si kingine, na iandikwe kwenye faili ili mgonjwa akizinduka aambiwe. Najua wenzangu wengine watasema hapana hata hapo. Naheshimu hoja yao, ila sijawahi kukesha na mgonjwa asiye na jina nikaweza kuikubali.

Nyumbani nako kuna mipaka ambayo mtu wa mjini hawezi kuiona. Kwa mila ya Wanyakyusa mkamwana humwepuka baba mkwe: hamtazami usoni, humpisha njiani, sembuse kumshika mkono. Mila hiyo imelegea lakini haijafa. Mzee akianguka na mkamwana akawa ndiye mtu mzima pekee pale nyumbani, tusimwambie kirahisi “shika kidole cha mzee ufungue simu.” Tumwambie mzee mapema ampe namba mtu ambaye mila inamruhusu, au tuiweke namba ya ndugu mlangoni, kwa chaki, kama zamani. Vivyo hivyo kwa mama mjamzito: namba 115 ya m-mama haina faida usiku wa uchungu ikiwa simu yenye salio na chaji imefungwa kwa kidole cha baba aliyekwenda ziwani kuvua. Swali hilo liulizwe kliniki pamoja na lile la nani atakusindikiza.

Ushauri wangu kwa mwenye mikono ya kazi ni mfupi. Namba ya siri ndiyo kufuli lenyewe. Kidole ni njia ya mkato. Kila simu inapozimika kwa kukosa chaji na kuwashwa upya hudai namba kwanza, na umeme wetu tunaujua. Chagua tarakimu sita, si mwaka wako wa kuzaliwa, na isifanane na namba ya siri ya pesa. Mchoro wa kuunganisha nukta siupendi, maana vidole vyenye mafuta huacha njia yake juu ya kioo na mtoto mwerevu huisoma. Sajili kidole wakati wa kazi, si wakati wa mapumziko, ili simu ikijue kilivyo. Kidole kilekile chaweza kusajiliwa mara mbili. Usiku paka mafuta ya mgando viganjani. Asubuhi, kabla ya kugusa simu, kipanguse kidole. Kikikataa, kipulizie pumzi ya joto ukijaribu tena. Mwandikie mtu mmoja unayemwamini namba yako, aitunze.

Shangazi alisikiliza haya yote, kisha akanyoosha mikono yake miwili mezani tukaikagua kidole kwa kidole. Dole gumba na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Tulipofika mwisho wa mkono wa kushoto tukakuta matuta yote yapo, kwa kuwa kidole hicho hakishiki jembe wala hakipasui kakao. Hicho ndicho tulichosajili. Namba ya siri ameichagua mwenyewe na hakutaka niione. Ameiandika kwenye jalada la kadi yake ya kliniki, nikamwambia hapo si mahali salama, akanijibu kwamba kadi hiyo ndiyo kitu pekee nyumbani ambacho hakuna mtu mwingine anayekigusa.